Pointi hii iko halmashauri gani? Kuoanisha koordineti na mipaka ya Mtwara na Lindi kwa Python

Una jedwali la maghala ya korosho, visima, zahanati au mashamba. Kila mstari una latitudo na longitudo, lakini safu ya halmashauri iko tupu, au imejazwa na watu kumi kwa namna kumi: huyu kaandika "Mtwara", yule "Mtwara V", mwingine "Mikindani", mwingine kaweka jina la kijiji. Ripoti inatakiwa kwa halmashauri. Hapa tunaonyesha jinsi ya kuifanya kompyuta ijaze safu hiyo kwa kuangalia kila pointi imeangukia ndani ya mipaka ya nani.

Amri inayofanya kazi hiyo ni moja tu. Jasho linatoka kabla yake, kwenye kusafisha koordineti na kuchagua faili la mipaka, na baada yake, kwenye kujua majibu yapi ni ya kuamini. Pointi iliyo kilomita 20 ndani ya Nachingwea haimsumbui mtu. Pointi iliyo mita 80 kutoka mpaka wa Newala na Tandahimba ndiyo italeta ubishi kwenye kikao, na kompyuta itaijibu kwa uhakika uleule iliojibia ile ya Nachingwea. Kwa hiyo lengo ni kwamba kila jibu litoke likiwa na umbali wake kutoka mpakani.

Vitu vya kuwa navyo

Kompyuta ya kawaida yenye RAM ya GB 4 inatosha kwa maelfu ya pointi. Weka Python, kisha fungua mazingira ya pekee ili maktaba zisigongane na za kazi nyingine. Kwenye Windows:

```
python -m venv ramani
ramani\Scripts\activate
pip install geopandas openpyxl
```

GeoPandas, maktaba ya data za ramani, inakuja na pandas, shapely na pyproj, hivyo huna haja ya kuziita moja moja. Hakikisha umepata toleo la 1.0 au jipya zaidi, kwa sababu baadhi ya amri zilizo hapa chini hazikuwepo kwenye matoleo ya zamani. Pakua kila kitu ukiwa mahali penye mtandao mzuri. Ukishamaliza kupakua, kazi yote iliyobaki inafanyika bila bando hata moja, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kufuata njia hii badala ya kuuliza huduma za mtandaoni pointi kwa pointi. Huduma ya bure ya Nominatim, kwa mfano, hairuhusu zaidi ya ombi moja kwa sekunde. Pointi 10,000 zingekula karibu saa tatu, na mtandao ukikatika katikati unaanza kuhesabu ulikoishia.

Faili la mipaka: uliza mwaka wake kwanza

Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) hutoa mipaka iliyotumika kwenye sensa, mikoa hadi kata. Nje ya hapo kuna GADM na geoBoundaries, hifadhi za mipaka za mtandaoni, ambazo watu wengi huzikimbilia kwa kuwa zinapatikana haraka. GADM hairuhusu matumizi ya kibiashara, kwa hiyo soma masharti kabla ya kuiweka kwenye mfumo wa kampuni. Kwenye geoBoundaries, epuka toleo lililorahisishwa: mistari yake imenyooshwa ili faili liwe jepesi, na kona za mipaka zimekatwa.

Lakini swali kubwa zaidi ni mwaka. Sensa ya 2012 iliukuta Mkoa wa Mtwara ukiwa na halmashauri 7: Mtwara, Mtwara-Mikindani, Masasi, Masasi Mji, Newala, Tandahimba na Nanyumbu. Leo ziko 9, kwa kuwa Newala Mji na Nanyamba Mji zimejitenga. Ukitumia mipaka ya 2012, ghala lililopo Nanyamba litajibiwa "Mtwara", na hutaona kosa lolote kwenye skrini.

Lindi ina mtego mbaya zaidi. Mwaka 2012 mkoa ulikuwa na halmashauri 6, na leo ni 6 vilevile. Mtu akihesabu tu anaridhika. Ila ile iliyoitwa Lindi, ambayo wengi waliizoea kama Lindi Vijijini, sasa ni Mtama, na baadhi ya kata zake zimeingia Manispaa ya Lindi. Hesabu haikubadilika, jina na mstari vimebadilika. Kwa hiyo usikague kwa idadi. Fungua orodha ya majina, utafute "Mtama" na "Nanyamba". Yakikosekana, faili lako ni la zamani.

Faili la zamani si baya kila mara. Kama unalinganisha data yako na takwimu za sensa ya 2012, ni lazima utumie mipaka ya 2012, kwa sababu idadi ya watu ilihesabiwa ndani ya mistari ile. Kosa ni kuchanganya: pointi zenye mipaka mipya zikigawanywa kwa idadi ya watu ya mipaka ya zamani.

Jambo dogo la vitendo: mipaka ikija kwa muundo wa .shp, lazima iwe na wenzake .shx, .dbf na .prj kwenye folda moja na kwa jina moja. Mtu akikutumia .shp peke yake kwa WhatsApp, mrudishie atume folda nzima ikiwa zip. Muundo wa .gpkg unabeba kila kitu ndani ya faili moja, nao ni bora. Tena .shp hukata majina ya safu yakizidi herufi 10, ndiyo maana utakuta safu inaitwa "halmashaur".

Fungua na uangalie:

```python
import re
import pandas as pd
import geopandas as gpd

mipaka = gpd.read_file("halmashauri.gpkg")
print(mipaka.crs, len(mipaka))
print(mipaka.columns.tolist())
```

Ukiona crs (mfumo wa koordineti) ni None, faili la .prj limepotea. Usikisie. Uliza aliyekupa.

Badilisha majina ya safu yawe mkoa na halmashauri kwa amri ya rename, kisha fanya hivi:

```python
mipaka = mipaka.to_crs(4326).cx[35.5:41.5, -12.5:-7.0]
mipaka = mipaka.to_crs(32737)
mipaka["geometry"] = mipaka.geometry.make_valid()
mipaka = mipaka[["mkoa", "halmashauri", "geometry"]]
```

Mstari wa kwanza unabakiza halmashauri zote zinazogusa eneo la kusini mashariki. Usizichuje zibaki za Mtwara na Lindi pekee. Majirani wa Pwani, Morogoro na Ruvuma wanahitajika: pointi iliyoandikwa Liwale kumbe iko Tunduru itajulikana tu kama Tunduru ipo kwenye ramani yako. Ukiifuta, pointi ile itakosa jibu, na wewe utadhani koordineti zimeharibika.

Namba 4326 ni mfumo wa latitudo na longitudo za kawaida. Namba 32737 ni mfumo wa UTM kanda ya 37 Kusini, unaopima kwa mita. Kanda hiyo inaanzia longitudo 36 hadi 42, hivyo inaifunika mikoa yote miwili bila kukatika, kuanzia magharibi ya Liwale hadi mdomo wa Mto Ruvuma. Si mikoa yote ya nchi yenye bahati hiyo.

Make_valid inarekebisha poligoni (maumbo ya mipaka) zilizojikata zenyewe, kama mstari uliopindana umbo la nane. Poligoni moja ya namna hiyo inaweza kusimamisha kazi nzima.

Kusafisha koordineti

Hapa ndipo muda unapokwenda. Soma jedwali lako kila kitu kikiwa maandishi, ili pandas isiamue yenyewe kipi ni namba:

```python
data = pd.read_csv("maghala.csv", dtype=str)
```

Tuchukue Mtwara mjini kama mfano. Koordineti zake ni karibu latitudo -10.27 na longitudo 40.18. Sasa angalia namna zinavyoweza kuharibika.

Alama ya kutoa ikidondoka, latitudo inakuwa 10.27, na pointi inahamia Ethiopia. Mtwara na Lindi zote ziko kusini ya Ikweta, kwa hiyo latitudo yoyote isiyo na alama ya kutoa kwenye data ya huku ni kosa.

Namba zikibadilishana nafasi, ghala linatua baharini, Atlantiki, magharibi ya Ureno. Chanzo chake ni kwamba simu na fomu za ODK au KoboToolbox huandika latitudo kwanza, wakati GeoJSON na maktaba nyingi za ramani hutaka longitudo kwanza. Kila unapoandika amri inayopokea namba mbili, jiulize x ni ipi. X ni longitudo.

Kosa la tatu ndilo baya kuliko yote, kwa sababu halionekani. Kifaa cha GPS kimeonyesha 10°16'12"S, na mtu akaandika 10.16. Dakika si desimali. Dakika 16 na sekunde 12 ni 16/60 + 12/3600, yaani 0.27. Aliyeandika 10.16 amelisogeza ghala kaskazini kwa takriban kilomita 12, na bado linabaki kusini mwa Tanzania, pengine ndani ya halmashauri ya jirani. Hakuna kichujio kitakachomkamata moja kwa moja. Dalili ya kuitafuta ni hii: kwenye data nzima, hakuna hata desimali moja inayoanzia .60 hadi .99. Kwenye pointi 200 zilizotawanyika hilo haliwezekani kwa kawaida. Ukiliona, rudi kwa aliyekusanya.

Kuna pia mkato badala ya nukta (-10,27), alama ya kutoa ndefu iliyonakiliwa kutoka kwenye Word, na watu wanaoandika neno zima "Kusini". Kitendakazi hiki kinachukua sehemu kubwa ya hayo:

```python
def kwa_desimali(maandishi):
    if pd.isna(maandishi):
        return float("nan")
    s = str(maandishi).strip().upper()
    s = s.replace("−", "-").replace("–", "-").replace(",", ".")
    namba = [float(n) for n in re.findall(r"\d+(?:\.\d+)?", s)]
    if not namba or len(namba) > 3:
        return float("nan")
    if any(n >= 60 for n in namba[1:]):
        return float("nan")
    jumla = sum(n / 60**i for i, n in enumerate(namba))
    if s.startswith("-") or s.endswith(("S", "W")) or "KUSINI" in s:
        jumla = -jumla
    return jumla

data["lat"] = data["latitudo"].map(kwa_desimali)
data["lon"] = data["longitudo"].map(kwa_desimali)
```

Angalia sharti la mwisho. Tunatafuta herufi S mwishoni mwa maandishi, si popote. Ukiandika tu kama S imo ndani, "40 10 48 Mashariki" itageuka kuwa hasi, kwa kuwa Mashariki ina s katikati. Misimbo iliyonakiliwa kutoka kwa watu wasiotumia Kiswahili huangukia hapohapo.

Kisha chekecha. Mikoa yote miwili inaenea ndani ya latitudo -12 hadi -7.5 na longitudo 36 hadi 41:

```python
geuzwa = data["lat"].between(36, 41) & data["lon"].between(-12, -7.5)
data.loc[geuzwa, ["lat", "lon"]] = data.loc[geuzwa, ["lon", "lat"]].values

chanya = data["lat"].between(7.5, 12) & data["lon"].between(36, 41)
data.loc[chanya, "lat"] *= -1

sawa = data["lat"].between(-12, -7.5) & data["lon"].between(36, 41)
data[~sawa].to_excel("za_kuuliza.xlsx", index=False)
safi = data[sawa].reset_index(drop=True)
```

Zilizogeuzwa na zilizokosa alama tunazirekebisha wenyewe kwa sababu sababu yake inajulikana. Nyingine zote zinakwenda kwenye faili la kuuliza. Kishawishi cha kuzifuta ni kikubwa, hasa ripoti ikitakiwa kesho asubuhi, ila ghala lililofutwa ni tani za korosho zilizopotea kwenye jumla ya mtu.

Ukikuta namba ndefu

Wapima ardhi hawatumii nyuzi. Ukiona safu mbili zenye namba kama 629000 na 8864000, hizo ni mita za UTM, na hapo ni Mtwara mjini palepale. Usizipitishe kwenye kitendakazi cha juu. Ziweke kwenye x na y moja kwa moja, ukitaja mfumo wake.

Tatizo ni mfumo upi. Ramani za zamani za Tanzania na vipimo vilivyotoka humo viko kwenye Arc 1960, ambayo kwa kanda ya 37 Kusini ina namba 21037. GPS za leo ziko kwenye WGS 84, namba 32737. Namba zinafanana sura, lakini ukichanganya mifumo hiyo miwili pointi inahama kwa karibu mita 300. Mita 300 zinatosha kabisa kumtoa mkulima kijiji kimoja kumpeleka kingine. Kama koordineti zimetoka kwenye ramani ya karatasi, soma maandishi madogo ya pembeni yake. Kama zimetoka kwenye kifaa cha mkononi, angalia mpangilio wa kifaa chenyewe, maana kuna vilivyowekwa Arc 1960 makusudi ili vilingane na ramani.

Kuoanisha

```python
pointi = gpd.GeoDataFrame(
    safi,
    geometry=gpd.points_from_xy(safi["lon"], safi["lat"]),
    crs=4326,
).to_crs(32737)

jibu = gpd.sjoin(pointi, mipaka, how="left", predicate="intersects")
```

Hakikisha jedwali lako la pointi halina tayari safu inayoitwa mkoa au halmashauri. Kama lipo jina lile alilojaza mkusanyaji, libadilishe liwe halmashauri_fomu kabla ya kuoanisha. Utalihitaji baadaye kulinganisha.

Kinachotendeka ndani ni hiki. Kwanza kila poligoni inazungushiwa sanduku la mstatili, na pointi inalinganishwa na masanduku tu, kazi ya haraka sana. Kwa masanduku machache yaliyobaki, kompyuta inahesabu pointi iko ndani ya mstari wenyewe au nje yake. Hesabu ya kale ya kufanya hivyo ni kuvuta mstari ulionyooka kutoka kwenye pointi kwenda mbali upande mmoja, kisha kuhesabu umeukata mpaka mara ngapi: mara witiri, uko ndani, mara shufwa, uko nje.

Wengi huweka within mahali pa intersects. Tofauti inaonekana pale pointi inapoketi juu ya mstari wenyewe. Within inaikataa pande zote mbili na inakosa jibu. Intersects inaipokea pande zote mbili na inatoa mistari miwili. Tunapendelea ya pili, kwa sababu mgogoro unaonekana wazi na unaweza kuutatua, kuliko pointi inayopotea kimyakimya. Neno left nalo ni la lazima, la sivyo pointi zisizo na jibu zinafutwa bila taarifa.

Sasa hesabu:

```python
mbili = jibu[jibu.index.duplicated(keep=False)]
tupu = jibu[jibu["halmashauri"].isna()]
print(len(pointi), len(jibu), len(mbili), len(tupu))
```

Namba mbili za kwanza zikitofautiana, kuna pointi zilizojibiwa mara mbili. Zikiwa chache, ni za mpakani. Zikiwa mamia, poligoni zako zinalaliana: ama umeunganisha mafaili ya vyanzo viwili, ama faili lina halmashauri ya zamani na mpya kwa pamoja, Newala nzima ikiwa imelazwa chini ya Newala Mji. Rekebisha mipaka, usirekebishe pointi. Kwa zile chache za mpakani, amua moja moja, ukiandika sababu, kisha ubakize mstari mmoja kwa kila pointi kabla ya kuendelea.

Pointi zisizo na jibu: pwani na Ruvuma

Pwani ya mikoa hii imechanika: ghuba ya Mtwara, ghuba ya Lindi, mikoko ya Kilwa, visiwa kama Songo Songo. Mafaili ya mipaka huchora ufuko kwa mistari mifupi iliyonyooka, na mwalo wa samaki au gati hujikuta majini. Baadhi ya mafaili hayana visiwa vidogo kabisa. Hizo zinasogezwa kwenye halmashauri iliyo karibu, kwa kikomo:

```python
karibu = gpd.sjoin_nearest(
    pointi.loc[tupu.index], mipaka,
    how="left", max_distance=1000, distance_col="mita",
)
```

Kikomo cha mita 1000 kinatosha kwa ufuko. Bila kikomo, amri hii itaipa halmashauri hata mashua iliyo katikati ya bahari. Na ndiyo sababu nyingine ya kufanya kazi kwa mita: kwenye nyuzi, 1000 ingekuwa nyuzi elfu moja.

Kusini ni habari nyingine. Mto Ruvuma ndio mpaka na Msumbiji, na mto ule hautulii: mkondo unahama, visiwa vya mchanga vinatokea na kupotea, wakati mstari kwenye faili umelala palepale. Shamba la bondeni Tandahimba au Nanyumbu linaweza kuonekana ng'ambo. Ukiiachia sjoin_nearest iamue, itarudisha upande huu hata pointi iliyo Msumbiji kweli. Njia salama ni kuiongeza Msumbiji kwenye mipaka kabla ya kuoanisha:

```python
msumbiji = gpd.read_file("msumbiji.gpkg").to_crs(32737)
msumbiji["mkoa"] = "MSUMBIJI"
msumbiji["halmashauri"] = "MSUMBIJI"
mipaka = pd.concat(
    [mipaka, msumbiji[["mkoa", "halmashauri", "geometry"]]],
    ignore_index=True,
)
```

Pointi ikijibiwa MSUMBIJI, usiirudishe kwa mkono ukiwa mezani. Ifungue kwenye QGIS, programu ya bure ya ramani, juu ya picha ya setilaiti uone iko upande gani wa maji. Dakika mbili kwa pointi, na jibu unaweza kulitetea.

Umbali kutoka mpakani

Hii ndiyo safu ambayo hatungekubali ripoti itoke bila kuwa nayo.

```python
jibu["mpakani_m"] = float("nan")
zenye = jibu.dropna(subset=["halmashauri"])
for jina, kundi in zenye.groupby("halmashauri"):
    wengine = mipaka[mipaka["halmashauri"] != jina].union_all()
    jibu.loc[kundi.index, "mpakani_m"] = kundi.distance(wengine)
```

Tunapima kutoka kwenye pointi hadi halmashauri ya jirani iliyo karibu zaidi, si hadi mstari wa poligoni yake yenyewe. Ukipima hadi mstari wake, kila zahanati ya ufukweni Kilwa itaonekana iko mpakani, kumbe upande ule ni bahari na hakuna wa kugombania.

Kiasi gani ni karibu mno? Jumlisha makosa mawili. La kwanza ni la GPS: simu mahali peupe hukosea mita chache, lakini chini ya mikorosho iliyoshikana majani inakosea zaidi. Fomu za KoboToolbox huhifadhi makadirio ya kosa hilo kwenye safu inayoishia na precision, kwa mita. Usiifute safu hiyo. La pili ni la faili la mipaka, na mara nyingi ndilo kubwa. Kwa mipaka ya sensa, pointi yoyote iliyo chini ya mita 200 iwekee alama ya kuhakiki. Kwa mafaili yaliyorahisishwa, tumia mita 1000.

Angalia na wingi wa desimali. Kwa huku kusini, desimali 2 ni takriban kilomita 1.1, desimali 3 ni mita 110, desimali 4 ni mita 11. Pointi iliyoandikwa -10.75 haina haki ya kudai iko mita 200 kutoka popote.

Zilizowekewa alama zinahakikiwa kwa kumuuliza mtendaji wa kijiji ghala liko kijiji gani, kisha kijiji kinatafutwa kwenye orodha rasmi ya kata. Hapo binadamu anaishinda ramani, maana watu wanajua wanapigia kura wapi.

Majina yanayogongana

"Mtwara" ni mkoa, ni wilaya, na ni halmashauri. Wilaya ya Mtwara ina halmashauri tatu ndani yake: Mtwara, Mtwara-Mikindani na Nanyamba Mji. Masasi na Newala kila moja ni wilaya yenye halmashauri mbili, ya wilaya na ya mji. Jedwali lenye neno "Masasi" peke yake halijasema kitu. Andika "Masasi DC" na "Masasi TC", au tumia msimbo wa namba uliomo kwenye faili la mipaka. Ukitumia msimbo, usome kama maandishi, maana Excel hula sifuri ya mwanzo.

Kwenye kata hali ni hiyohiyo. Kuna Mandawa ya Kilwa na kuna Mandawa ya Ruangwa. Ukiunganisha majedwali kwa jina la kata tu, takwimu za Mandawa moja zitaingia kwa nyingine. Unganisha kwa mkoa, halmashauri na kata kwa pamoja. Na mzunguko wa umbali ulioandikwa juu unategemea kila halmashauri iwe na jina lake pekee, kwa hiyo hili lifanye mapema.

Jaribu kwa unaowajua

Kabla ya kuachia data yote, pitisha pointi hizi tano na ukubali kuendelea tu zikijibu sawa: -9.77, 37.93 ni Liwale, -10.38, 38.77 ni Nachingwea, -10.07, 38.93 ni Ruangwa; -10.75, 39.63 ni Tandahimba, -10.72, 38.80 ni Masasi Mji. Zikigoma zote tano, umebadilisha x na y. Ikigoma ya Masasi tu kwa kujibu Masasi DC, kagua kama faili lako linatenganisha mji na wilaya.

Kisha linganisha jibu na ile halmashauri_fomu:

```python
pd.crosstab(jibu["halmashauri_fomu"], jibu["halmashauri"])
```

Pale ambapo fomu inasema Ruangwa na ramani inasema Nachingwea kwa pointi arobaini za mkusanyaji mmoja, huenda kasoro ni ya kifaa chake au alijaza fomu akiwa amesharudi nyumbani. Hilo la pili hutokea zaidi ya watu wanavyodhani, na dalili yake ni pointi nyingi zilizorundikana mahali pamoja, mita chache kati ya moja na nyingine.

Data ikizidi laki kadhaa, au kazi ikiwa ya kila siku, hamia PostGIS, hifadhidata inayoelewa ramani: mipaka kwenye jedwali, faharasa ya GIST, na ST_Intersects inafanya yaleyale. Asiyetaka kuandika msimbo anaweza kutumia QGIS, ila usafi wa koordineti utabaki juu yake.

Kuhifadhi

```python
jibu["mipaka_mwaka"] = "2022"
jibu.to_file("maghala_halmashauri.gpkg")
jibu.drop(columns="geometry").to_csv("maghala_halmashauri.csv", index=False)
```

Safu ya mwaka wa mipaka ijazwe kwa mwaka wa faili ulilotumia kweli. Ibaki kwenye kila mstari, maana faili la CSV litanakiliwa, litakatwa, litatumwa, na maelezo ya pembeni hayatalifuata.

Kama pointi ni za mashamba au nyumba za watu, koordineti kamili ni taarifa binafsi, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022. Nakala ya kugawa nje izungushe iwe desimali 2. Fanya hivyo mwisho kabisa, baada ya kuoanisha na kupima umbali. Ukizungusha kwanza, utakuwa umesogeza kila shamba kwa mamia ya mita kabla hujaiuliza ramani liko wapi.